UZI: Madoa meupe kwa samaki wa dhahabu. Hesabu siku kwa joto la maji, usihesabu madoa

Fundi Matanki (Kigoma)

Wakuu, salaam. Kipupwe kikiingia tu, malalamiko ni yale yale: samaki katoka vidoa kama punje za chumvi, katiwa dawa siku tatu, vidoa vikaisha, dawa ikasimamishwa. Baada ya wiki vimerudi mara kumi na samaki wanaanza kuelea. Naweka utaratibu hapa, wenye ujuzi mkosoe.

Ugonjwa unaletwa na kimelea cha seli moja, Ichthyophthirius multifiliis. Kile kidoa unachokiona ni kimelea kikiwa kimejichimbia chini ya ngozi, kinakula. Kikiwa hapo, dawa unayotia majini haikifikii. Kikishiba kinatoboa, kinadondoka, kinajibandika kwenye changarawe, kioo, mmea au sifongo ya filta, halafu kinajizungushia ganda. Ndani ya ganda kinagawanyika hadi mamia, pengine elfu moja. Ganda likipasuka, vitoto vinatoka vinaogelea kutafuta samaki, na vikimkosa kwa siku mbili hivi vinakufa. Dawa zote mnazozijua zinaua hivyo vinavyoogelea tu.

Kwa hiyo vidoa kuisha maana yake vimelea vimeshuka sakafuni kuzaana. Siku ya kusimamisha dawa ndiyo siku vinayohitaji kuachwa peke yao!

Kasi ya mzunguko inategemea joto. Kwenye nyuzi 25 ni siku nne au tano. Kwenye 20 ni kama wiki. Kwenye 15 ni wiki mbili, na chini ya hapo inazidi. Tibu kwa muda wa mizunguko mitatu. Hapa Kigoma maji ya tanki yakikaa 25 hadi 27, siku 14 zinatosha. Tabora mwezi wa saba, tanki lisilo na hita likiamka na nyuzi 19, siku 14 hazitoshi. Nenda wiki tatu kamili.

Dawa ya kwanza ni chumvi, gramu 3 kwa lita. Pima ujazo kwanza: urefu mara upana mara kina cha MAJI (sio kina cha kioo), kwa sentimita, gawa kwa 1,000. Tanki la 80 kwa 35 lenye maji ya sentimita 40 ni lita 112. Toa sehemu ya kumi kwa ajili ya changarawe, unabaki na lita 100. Hilo linahitaji gramu 300. Usimwage zote. Tia gramu 100, baada ya saa 12 nyingine 100, baada ya saa 12 tena ya mwisho. Kila fungu liyeyushe kwenye jagi la maji ya tanki lenyewe, mimina taratibu penye mkondo wa filta. Punje ikimdondokea samaki inamchoma.

Ondoa mkaa kwenye filta, maana ukija kuongeza dawa nyingine mkaa utainyonya yote. Kama filta ina zeolaiti (vile vijiwe vya kuchujia), itoe kabla ya chumvi. Zeolaiti inashika amonia, ile sumu inayotokana na taka za samaki, ikikutana na chumvi inaiachia yote majini. Mimea hamishia kwenye ndoo ambayo haina samaki.

Kila siku fyonza sakafu kwa mpira, toa lita 20 hadi 25. Unatoa makumi ya maganda kabla hayajapasuka, na hiyo ni nusu ya tiba. Ukitoa lita 25, maji mapya yaende na gramu 75 za chumvi. Lakini maji yaliyopungua kwa kukauka, jazia maji matupu. Chumvi haiendi hewani na mvuke, inabaki ndani. Wengi wanakosea hapo, chumvi inazidi kipimo na mtu analaumu ugonjwa.

Binti Isevya (Tabora)

Umeanza vizuri kaka Fundi, ila umeruka hatua: hakikisha kwanza kwamba ni ugonjwa.

Dume la samaki wa dhahabu akifikia kupanda anatoka vipele vyeupe. Vinakaa kwenye vifuniko vya matamvua na kwenye mwiba wa mbele wa mapezi ya kifuani, vimejipanga kwa mstari, pande zote mbili sawasawa. Anakula, anawakimbiza majike. Huyo ni mzima, anatafuta mke, msimtie chumvi.

Madoa ya ugonjwa hayana mpangilio. Yanaanzia mkiani na kwenye mapezi, yanapanda mgongoni, kila moja halizidi milimita moja, na yanalingana ukubwa. Samaki anajikwaruza kwenye changarawe, anakunja mapezi. Na kuna hali mbaya zaidi, ambapo mwilini huoni hata kidoa, samaki yuko juu anahema haraka. Vimelea vimejaa kwenye matamvua. Mwenye rafiki fundi wa maabara, akwangue ute kidogo ubavuni kwa ukingo wa kioo, aweke tone la maji, atazame kwenye darubini. Kimelea ni duara lenye vinyweleo pembeni, linajizungusha polepole, ndani lina kiini chenye umbo la kiatu cha farasi, kama herufi C. Ukiona hicho hakuna ubishi tena.

Mgebuka (Kigoma)

Chumvi ipi sasa? Wanasema yenye madini joto inaua samaki. Hii ya Uvinza je?

Fundi Matanki (Kigoma)

Mkuu, Uvinza inafaa. Ni chumvi ya kawaida, inatokana na maji ya chemchemi za pale yanayokaushwa. Na madini joto yasikutishe: kwenye kilo moja yanawekwa kwa miligramu tu, makumi kadhaa. Ukigawa kwa gramu 3 za kila lita, kinachobaki hakifiki hata miligramu moja. Chumvi ya kuogopa ni ile iliyochanganywa na viungo vya pilau.

Jambo la kuangalia ni kipimo. Kijiko cha chai cha chumvi laini, kilichosawazishwa, kina karibu gramu 6. Ya mawe ina nafasi katikati, kijiko hicho hicho kinabeba pungufu. Nenda nayo kwa muuza duka akupimie kwenye mizani, fungu la gramu 100, mara tatu. Mambo ya "konzi moja ya mkono" achia mboga.

Kazima (Tabora)

Mnazungusha. Pandisha joto hadi nyuzi 30 kwa siku kumi, kimelea kinashindwa kuzaana, kazi imeisha. Chumvi ya nini?

Binti Isevya (Tabora)

Mzee wangu Kazima, kwa samaki wa maji ya joto sikupingi sana. Huyu asili yake ni maji ya baridi, na shida yenyewe ni hewa.

Maji ya nyuzi 25 usawa wa bahari yanabeba oksijeni kama miligramu 8.3 kwa lita. Ya nyuzi 30 yanabeba 7.5. Sasa Tabora tuko mita 1,200 hivi, hewa ni nyepesi, ile 7.5 inakuwa 6.5. Kigoma, ziwani, ni mita 770 na ushee, wao wanapata karibu 6.9. Hicho ni kiwango cha juu kabisa, tanki likiwa linatibuliwa vizuri. Ongeza samaki ambaye matamvua yake yameliwa na vimelea, na umeme ukikatika usiku pampu inyamaze. Asubuhi unakuta wote wako juu wazi midomo, na hawajafa kwa madoa.

Na zipo aina za kimelea hiki zinazovumilia nyuzi 30, kwa hiyo hata hiyo "kazi imeisha" si ya uhakika.

Hita ina faida moja kubwa kwa Tabora: kuondoa mpando na mshuko. Mchana dirishani 25, alfajiri 18, kinga ya samaki inayumba. Iweke 25 isimame hapo hapo. Ukianzia 19, panda nyuzi mbili kwa siku, sio zote usiku mmoja. Ila ujue, ukipandisha joto unaharakisha na kimelea pia, kwa hiyo joto bila chumvi wala dawa ni kuongeza kuni kwenye moto.

Kazima (Tabora)

Hoja ya mwinuko sikuwa nimeihesabu. Basi jiwe la hewa, lile la kutoa mapovu, lifanye kazi mchana na usiku, na maji yashushwe kidogo ili filta imwagike kwa kishindo. Hapo nimekubali. Lakini 28 naisimamia.

Binti Isevya (Tabora)

28 yenye mawe mawili ya hewa, nakuachia.

Reli ya Kati

Msaada wa haraka. Chumvi imefika gramu 3 jana jioni, leo madoa yameongezeka maradufu. Niongeze hadi 6?

Fundi Matanki (Kigoma)

Hapana, usiguse. Hayo unayoyaona leo yaliingia ngozini siku mbili tatu kabla ya chumvi, yalikuwa madogo huyaoni. Sasa yamekua. Siku ya pili na ya tatu ya tiba karibu kila tanki linaonekana baya kuliko lilivyoanza. Angalia siku ya tano au ya sita kwa nyuzi 25: kama yanadondoka na mapya hayaji, chumvi inafanya kazi. Kama siku ya saba bado yanakuja mapya kwa wingi, pima upya ujazo wako, halafu ndiyo ufikirie dawa ya chupa.

Lisha kidogo, mara moja kwa siku, anachokimaliza kwa dakika mbili. Njegere iliyochemshwa na kumenywa ni nzuri. Dagaa wabaki sufuriani.

Mwana-Ujiji

Jamaa mmoja mkulima kaniambia mrututu ndio kiboko ya madoa, na ni bei chee. Ukweli?

Binti Isevya (Tabora)

Ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayoua. Shaba iliyomo ndani ya mrututu inaua kimelea kweli, na kwenye mabwawa makubwa hutumika. Lakini kipimo chake kinaamuliwa na kaboneti iliyomo majini, ile inayopimwa kama KH.

Maji ya Tanganyika yana KH 16 hadi 18. Kwa miligramu ni kama 300 kwa lita. Maji ya Ziwa Victoria, ambayo sasa yanafika Tabora kwa bomba, ni mepesi, karibu 50. Tofauti ya mara sita! Kanuni ya mabwawani ni kuchukua hizo miligramu za kaboneti, gawa kwa 100, unapata miligramu za mrututu kwa lita. Na kaboneti ikiwa chini ya 50, usitumie kabisa. Kwa hiyo kipimo alichokupa mtu wa Ujiji, mtu wa Isevya akikitumia anafagia tanki zima kabla ya magharibi. Na kwa Kigoma kwenyewe maji ni magumu kiasi kwamba shaba inaganda na kuzama, mtu anaona haifanyi kazi, anaongeza, anaongeza. Siku maji yakishuka pH (yakawa na asidi zaidi), iliyoganda inayeyuka upya.

Tena tanki la nyumbani la lita 60 lingehitaji miligramu chache mno, mizani ya duka haiwezi kuzipima. Mrututu uache shambani.

Mgebuka (Kigoma)

Na GV ya kidonda? Rangi si inafanana na zile dawa za chupa

Kazima (Tabora)

Rangi kufanana si dawa kufanana, mdogo wangu. GV ni sumu kwa samaki kwa kipimo kidogo tu, na chupa ya duka la dawa haikuandikiwa lita za tanki. Kuna ile bluu ya methilini ya asilimia moja, hiyo inajulikana: mililita 20 kwa lita 100 inakupa miligramu 2 kwa lita. Lakini inaua bakteria wa filta, wale wanaokula amonia, na inapaka rangi mpira wa silikoni milele, kwa hiyo itumie kwenye beseni la pembeni tu. Kwenye tanki kuu usithubutu.

Chupa za madoa meupe zinazoletwa kutoka Dar nyingi zina malakaiti ya kijani, peke yake au pamoja na fomalini. Fuata karatasi yake, na kila kipimo kipya kitanguliwe na kubadilisha robo ya maji. Zima taa, mwanga unaiharibu malakaiti. Vaa glavu. Na samaki wa kuliwa hatiwi malakaiti kabisa, imepigwa marufuku kwa samaki wa chakula nchi nyingi. Mwenye bwawa la sato nyuma ya nyumba asijaribu.

Fomalini tupu, kwa anayeijua, ni mililita 2.5 kwa lita 100, siku moja ndiyo siku moja hapana. Sasa sikilizeni: fomalini inakula oksijeni. Kila mililita 5 kwenye lita elfu inatoa kama miligramu moja ya oksijeni kwa lita. Kipimo hicho kizima ni sawa na mililita 25 kwa lita elfu, yaani kinatafuna miligramu tano taratibu ndani ya siku moja na nusu hivi. Rudini kwa hesabu ya Binti Isevya mjionee kinachobaki Tabora. Bila pampu mbili ni mauaji. Chupa ikiwa na unga mweupe umeganda chini, usitumie hata maji ya juu yake. Na usichanganye fomalini na potasiamu pamanganeti, inatoka gesi inayochoma macho na mapafu yako wewe.

Fundi Matanki (Kigoma)

Mzee Kazima kagusa bakteria wa filta, niongezee la Kigoma maana huku ndiko linakoumiza.

Maji yetu yana pH inayokaribia 9. Amonia ina sura mbili, moja haina madhara sana na nyingine ni sumu. Kwenye pH 7.5 sehemu yenye sumu haifiki asilimia mbili. Kwenye pH 9 ni theluthi moja na zaidi. Kipimo kile kile cha amonia, samaki wale wale, sumu mara ishirini. Ukiua bakteria wa filta kwa dawa, Kigoma unalipa siku hiyo hiyo.

Mtego wake ni huu. Tanki limekaa muda bila kubadilishwa maji, taka zimeshusha pH hadi 7.5, amonia imejaa lakini imelala. Madoa yanatokea, mtu anaogopa, anatoa nusu ya maji na kuweka maji mapya ya ziwa. pH inaruka, amonia inaamka, samaki wanakufa usiku ule, kisha lawama zinaenda kwa chumvi. Kwenye tanki la namna hiyo anza na asilimia 10 asubuhi, 10 jioni, siku tatu, ndipo ufike robo.

Maji ya bomba yaache saa 24 kwenye ndoo yenye jiwe la hewa klorini itoke, mjini kote, Kigoma na Tabora.

Binti Isevya (Tabora)

Na huku kwetu ni kinyume. KH ni ndogo, pH inaweza kuporomoka katikati ya tiba, na chumvi haiizuii. Bikaboneti ya soda ile ya kuokea, gramu 5 kwa lita 100, inapandisha kaboneti kwa miligramu 30 hivi. Mara moja, pima kesho yake, rudia ikibidi.

Reli ya Kati

Asiye na hita, mizani wala dawa afanyeje? Umeme wenyewe wa kubahatisha.

Kazima (Tabora)

Mabeseni mawili na jua la Tabora. Hii njia watu wanaidharau kwa sababu haina chupa.

Kimelea kikidondoka kinahitaji kama siku nzima kwenye nyuzi 25 kabla vitoto havijatoka. Kwa hiyo mtoe samaki kabla havijatoka. Beseni A lita 40, maji yaliyokaa, joto sawa na la tanki. Samaki akae humo saa 12. Mhamishie beseni B. Beseni A mwaga maji, sugua, lianike juani hadi likauke kabisa, maana ganda la kimelea likikauka limekufa. Baada ya saa 12 mrudishe A, anika B. Siku saba mfululizo kwa nyuzi 25. Usimbebe kwa wavu, mbebe kwa bakuli pamoja na maji kidogo, ute wake usichubuke; na hayo maji ya kwenye bakuli usiyamwage kwenye beseni safi. Kwenye beseni hakuna bakteria wa filta, lakini maji yanabadilika mara mbili kwa siku, amonia haipati muda wa kujaa. Tanki kuu libaki bila samaki wiki hiyo nzima, vitoto vitakufa kwa njaa.

Kwa maji ya nyuzi 19 njia hii inachosha, utahamisha wiki tatu. Subiri joto au tumia chumvi.

Mwana-Ujiji

Shukrani. Kwa hiyo mzigo mpya ukitoka Dar uingie moja kwa moja au?

Fundi Matanki (Kigoma)

Thubutu! Kutoka Dar kwa treni hadi hapa ni kilomita 1,250 hivi. Samaki yuko kwenye mfuko, amebadilishiwa joto, amechoka. Kama kimelea kimo, kitajitokeza hapo. Karantini wiki nne kwenye beseni au tanki la pembeni. Mfuko uelee dakika 20 joto lilingane, kisha mtoe samaki. Maji ya mfuko yaishie chooni.

Karantini iwe na wavu wake, mpira wake, ndoo yake. Tone moja la maji kwenye mkono linatosha kuhamisha ugonjwa. Lisha tanki la samaki wazima kwanza, la wagonjwa mwisho, halafu nawa na ukaushe mikono.

Samaki aliyepona anabaki na kinga kwa muda, lakini anaweza kubeba vimelea vichache bila dalili. Usimchanganye na wageni mara tu madoa yakiisha.

Na wenzangu wa Kibirizi, Bangwe na Katonga: maji ya tanki yenye ugonjwa yamwageni kwenye udongo mkavu mbali na mtaro, na samaki wa dhahabu asitupwe ziwani hata akiwa mzima. Kimelea hiki hakichagui samaki wa maji yasiyo ya chumvi, na mle kuna aina mamia ambazo hazipatikani popote pengine duniani.

Mgebuka (Kigoma)

Swali la mwisho. Tiba ikiisha chumvi naitoaje? Namwaga yote?

Fundi Matanki (Kigoma)

Robo ya maji kila siku ya pili, ukirudishia maji matupu. Ya kwanza inakushusha kutoka gramu 3 hadi 2.25, ya pili 1.7, ya tatu kama 1.3, ya nne chini ya 1. Hapo rudisha mimea.

Binti Isevya (Tabora)

Mimea ioshwe kwanza, na iwe imekaa kwenye hiyo ndoo bila samaki angalau wiki mbili kwa nyuzi 25. Ndoo ikiwa nje kwenye baridi, wiki nne. La sivyo unarudisha na maganda yake.